Tuwaombee marehemu wetu, tusiwaite

Kule Lukafu, chini ya milima ya Kundelungu, kilio hakiishaka siku moja. Wanaume wanalala inje karibu na moto, wamama wanasonga bukari, wazee wanahesabu jamaa: nani amefika, nani angali mu njia. Tumekaa mu vilio vingi kule. Lakini kuko kimoja chenye hatutasahau, juu kilikuwa kilio bila maiti.

Kijana alitoka kijijini kwenda kuchimba upande wa miji ya mukuba. Alikuwa mu kazi ya shimo, kazi ya wachimbaji wa mikono, wale tunaitaka bacreuseurs. Siku moja udongo ukabomoka. Wenzake wakachimba siku tatu, wakatosha maiti mbili, ya kwake hapana. Kisha wakaacha, sababu udongo ulikuwa ungali unashuka na mwingine angeweza kubakia mule. Walileta kwao begi yake, viatu na telefone. Ni vile tu.

Usiku wa pili, mjomba wake akasimama karibu na moto.

"Mutoto hawezi kufa bure vile," akasema. "Twende kwa mufumu, amuite. Mutoto mwenyewe atasema nani alimukula."

Watu wakanyamaza. Kisha macho ya wengi ikaenda upande mumoja, kwa nkambo yake mwanamuke, mwenye alikuwa amekaa peke yake ku mlango wa nyumba. Yeye njo alimukomalisha yule kijana. Yeye njo kijana alikuwa anatumiaka feza kila mwezi. Pale tukaelewa: jibu la mufumu lilikuwa limekwisha kupatikana, mbele hata ya mtu kwenda kumuuliza.

Majina tunaficha, sababu jamaa wangali hai. Tunaandika juu ya nkambo ule. Tunaandika juu ya mjomba pia, maana hakuwa mtu mubaya. Alikuwa mtu wa uchungu, na uchungu wa kufiwa bila kuona maiti unaweza kumpeleka mtu popote. Jamaa mingi za wachimbaji zinaujua. Mu Juni 2019, mu carrière moja ya Kolwezi, udongo uliua watu zaidi ya 40 kwa siku moja. Nyuma ya kila mmoja kulikuwa kilio, na mu vilio vingi vya namna ile swali ni lilelile: nani alifanya hii? Tumuulize nani?

Kwa mkristu Mkatoliki kuko swali lingine juu ya lile: Kanisa inasema nini juu ya kuzungumza na wafu?

Majibu mbili yenye tunasikiaka

Ukiuliza mu kamp ao ku kijiji, utasikia majibu mbili. Wamoja wanasema: "Kanisa inakataza. Mtu akifa ameisha, hapana kumtaja tena." Wengine wanasema: "Kanisa yenyewe inaitaka bankambo mu misa. Juu ya nini sisi tukatazwe?" Kila jibu limeshika kipande tu cha ukweli.

Tuanze na lile la kwanza. Si kweli kwamba Kanisa inatuomba tusahau wafu wetu. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, ile Papa Yohane Paulo wa pili alitoa mu 1992, inafundisha mu namba 958 kwamba tunawakumbuka marehemu na kuwaombea tangu mwanzo wa ukristu. Inaongeza kwamba sala yetu inaweza kuwasaidia wao, na kwamba wao pia wanaweza kutuombea sisi. Njo maana ya neno tunasemaka kila siku ya Mungu mu Nasadiki: ushirika wa watakatifu. Walio mbinguni, walio toharani wakisafishwa, na sisi wenye tungali na jasho ku mgongo, tuko jamaa moja. Kifo hakikati kamba ile.

Basi kulia haikatazwi. Yesu mwenyewe alilia ku kaburi la Lazaro. Kwenda ku makaburi, kupalilia, kuweka maua, kusema jina la marehemu kwa sauti, kumupatia mtoto jina lake, kumwambia "baba, utuombee kwa Mungu": hakuna mambo mabaya mule. Kutoka tarehe 1 mpaka 8 Novemba Kanisa inawapatia rehema ya pekee wale wanaotembelea makaburi na kusali pale juu ya wafu, na rehema ile inakwenda kwa marehemu wenyewe. Desturi ya kuwakumbuka wafu wote tarehe 2 Novemba ilitoka kwa Odilo, abati wa Cluny kule Ufaransa, karibu na mwaka wa 998. Ina zaidi ya miaka elfu moja.

Bankambo mu misa

Sasa jibu la pili. Ni kweli kwamba mu misa yetu ya Kongo bankambo wanaitwa. Na jambo lile halikuanguka toka mbinguni. Lina njia, na njia ile imepita hapa kwetu Katanga.

Mu 1945, mu Elisabethville, kulitoka kitabu cha padri Mfransisko toka Ubelgiji, Placide Tempels. Jina lake ni La philosophie bantoue. Tempels alikuwa ameishi katikati ya Baluba, akaandika kile wazee wetu walijua bila kitabu: kwamba kwetu uzima ni nguvu, kwamba nguvu ya mtu inashikamana na ya wazazi wake na watoto wake, na kwamba mfu hatoki mu jamaa. Wakubwa wamoja wa Kanisa, na askofu wa Katanga wa wakati ule, Jean-Félix de Hemptinne, katikati yao, hawakufurahia kitabu kile. Nyuma, karibu na mwaka wa 1953, Tempels akaanza kule Kolwezi, pamoja na wafanyakazi wa Union Minière na wake zao, kile kilikuja kuitwa Jamaa. Wazee wengi wa makamp wangali wanakumbuka.

Miaka ikapita, maaskofu wa inchi wakaomba misa yenye kufanana na watu wetu. Kardinali Malula wa Kinshasa alishikilia neno lile kwa nguvu. Tarehe 30 Aprili 1988 Roma ikakubali kitabu cha misa kwa majimbo ya Zaire. Mu misa ile, ku mwanzo, padri anaalika watakatifu na bankambo wakuwe pamoja na sisi mbele ya Mungu. Papa Fransisko aliongoza misa ya namna ile mu Basilika ya Mtakatifu Petro ku Roma mu Desemba 2019, na tena mu Julai 2022. Tarehe 1 Februari 2023 aliadimisha misa ku Ndolo, mu Kinshasa, mbele ya watu wengi sana.

Lakini tusikie vizuri namna misa ile inasema. Kwanza, haiite kila mfu. Inaita bankambo wenye moyo mnyofu, wale waliomtafuta Mungu kwa uzima wao hata kama hawakusikia Injili. Pili, na hii njo kubwa: haiwaulize neno. Haiwaombe waseme nani aliiba, nani aliloga, shimo gani liko na madini. Inawaomba wasimame na sisi, tumsifu Mungu pamoja. Nkambo anafika mu misa kama mtu wa jamaa anavyofika ku sikukuu, hakuna mtu anamshitaki wala anamuuliza siri.

Ni vilevile na wenyeheri wetu. Isidori Bakanja alikuwa mfanyakazi kama ninyi, msaidizi wa mjenzi. Mkubwa wa kazi alimpiga fimbo juu alikataa kuacha kuvaa skapulari ya Bikira Maria. Akafa na vidonda vile mu 1909. Kanisa ikamtangaza mwenyeheri tarehe 24 Aprili 1994. Anuarite aliuawa ku Isiro tarehe 1 Desemba 1964, akatangazwa mwenyeheri ku Kinshasa mu 1985. Tunasema nao kila siku. Tunasema: mtuombee. Hakuna mkatoliki anamwambia Bakanja: "Njoo usiku huu, uniambie nani adui yangu."

Mlango wenye Kanisa inafunga

Njo tumefika ku mpaka. Kusema na marehemu mu sala haikatazwi. Kumwita arudi, kumlazimisha ajibu, kulipa mtu awe kinywa chake: njo inakatazwa. Katekisimu, namba 2116, inaweka kuita wafu mu kundi moja na uaguzi wote: kusoma nyota, kusoma mikono, kutafuta kwa nguvu kile kimefichwa. Haisemi kuko uaguzi muzuri na uaguzi mubaya. Inakataa wote.

Neno hili ni la zamani. Kumbukumbu la Torati, sura ya 18, linawakataza wana wa Israeli kuuliza wafu. Na kuko hadisi ya mfalme Sauli, mu kitabu cha kwanza cha Samweli, sura ya 28. Sauli yeye mwenyewe alikuwa amefukuza waaguzi mu inchi. Kisha vita ikamfikia, akaogopa, akauliza Mungu, hakupata jibu. Basi akabadilisha nguo, akaenda usiku kwa mwanamke wa Endori, akamwomba amwitie Samweli aliyekufa. Na alipata nini? Alisikia kwamba kesho yeye na wana wake watakufa. Jibu lile halikumpa nguvu wala njia. Lilimwangusha chini, hata kula akakataa. Yule mwanamke mwenyewe akamuhurumia, akachinja ndama, akampikia.

Tuangalie Sauli vizuri, maana ndiye sisi. Hakuwa mpagani. Alijua sheria, ni yeye aliiweka. Aliivunja siku woga ulimupita. Kwa hiyo tusiwacheke wale wanaoenda kwa mufumu nyuma ya kilio. Wengi wako wakristu wazuri wenye kukutana na usiku mrefu.

Na mtu asifikiri neno hili ni juu ya mufumu wa kijiji tu. Mu miji yetu kuko wenye kuvaa suti, wenye kushika Biblia, wenye kusema "naona marehemu yako, ananiambia hivi na hivi, leta sadaka". Kama mtu anamuita mfu ili aseme siri, kazi ni ileile. Nguo tu njo imebadilika.

Mkono wa nani unatembeza?

Watu watauliza: lakini kuna ubaya gani? Kama marehemu anajua, aseme.

Kanisa inajibu kwanza kwamba marehemu si wa kwetu tena kumtuma. Yuko mu mikono ya Mungu. Mwenye kumuita kwa nguvu anajaribu kumnyanganya Mungu kile Mungu anashika. Katekisimu inasema nyuma ya uaguzi wote kuko hamu ya kushika nguvu juu ya wakati na juu ya watu. Mtoto wetu alitoka mu shimo la duniani. Tusimchimbie shimo lingine.

Kisha kuko jambo lingine lenye jamaa zetu zimeliona kwa macho. Kwa Baluba, mufumu wa zamani alikuwa na kashekesheke, kakitu kadogo ka mti kenye kuchongwa. Mufumu anakashika upande mumoja, mwenye kuuliza upande wa pili, na wanakaona kanatembea chini kutoa jibu. Tufikiri kidogo: mkono wa muulizaji uko pale pia. Mu kilio cha Lukafu, mkono wa mjomba ungekuwa pale, na mu mkono ule uchungu wake, na mu uchungu ule jina lenye lilikuwa limekwisha kuzunguka moto usiku mzima. Mtu anaenda kumsikiliza mfu. Anarudi amesikia mashaka yake mwenyewe, lakini sasa yanasema kwa sauti ya mfu. Na sauti ya mfu nani ataibishia?

Njo pale hatari inatokea. Jibu la mfu halianguke juu ya wafu. Linaanguka juu ya mtu hai: nkambo mwenye macho mekundu juu ya moshi wa jiko, mjane, mtoto mwenye kukojoa mu kitanda. Tumeona wazee wamefukuzwa mu nyumba zao wenyewe. Tumeona watoto wakilala ku soko. Kwa mtoto, sheria ya inchi iko wazi: sheria ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya kulinda mtoto, mu artikle ya 160, inamfunga mwaka 1 mpaka miaka 3 mtu anayemsingizia mtoto bulozi kwa nia mbaya. Mtu mzima pia anaweza kushitaki mwenye kuharibu jina lake. Lakini sheria inafikaka nyuma, wakati nyumba imekwisha kuchomwa.

Na wakati jamaa inatafuta mulozi, hakuna mtu anauliza tena juu ya shimo. Lilikuwa na urefu gani? Nani aliruhusu watu washuke nyuma ya mvua? Mbao za kushikilia udongo zilikuwa wapi? Jina la nkambo limefunika maswali yote yale, na wiki yenye kufuata watoto wengine wanashuka mu shimo la karibu.

Wakati Ulaya ilikuwa na vilio bila maiti

Mtu asifikiri Kanisa inasema neno hili juu inazarau mambo ya Waafrika. Vita kubwa ya 1914 mpaka 1918 iliua mamilioni ya vijana kule Ulaya. Wengi walizikwa na udongo wa mabomu, hata kipande cha nguo hakikurudi kwao. Wamama wa Ufaransa, wa Uingereza, wa Ujerumani walikuwa ndani ya uchungu ule wa jamaa ya Lukafu. Na wengi walifanya vilevile: walienda kwa watu wa kuita roho, wakakaa mu giza kuzunguka meza, wakangoja meza igonge. Wenye kuita roho walipata feza mingi mu miaka ile.

Kanisa ilifanya mambo mbili. Tarehe 10 Agosti 1915 Papa Benedikto wa 15 aliruhusu kila padri duniani asome misa tatu tarehe 2 Novemba juu ya wafu. Mpaka leo inafanyika. Kisha, tarehe 24 Aprili 1917, ofisi ya Roma ya kulinda imani ikajibu kwamba mkatoliki hawezi kuingia mu mikutano ile ya kuita roho, hata kama ni ya kuangalia tu, hata kama anasema hataki neno na pepo wabaya.

Tuone utaratibu ule: mbele ya kufunga mlango mumoja, Kanisa ilifungua mwingine. Haikuwaambia wamama wale "nyamazeni". Iliwapatia pahali pa kupeleka uchungu wao. Neno tunalowaomba mapadri wetu na makatekista ni hilohilo: mtu akikatazwa kwenda kwa mufumu bila kupewa pahali pengine, usiku atabadilisha nguo kama Sauli, ataenda.

Mabwanga mu nguo za wafu

Kuko habari moja mu Biblia yenye inafaa isomwe mu kila kilio cha mchimbaji. Iko mu kitabu cha pili cha Wamakabayo, sura ya 12. Yuda Makabayo na waaskari wake wanarudi kuokota maiti ya wenzao waliokufa mu vita. Wakivua nguo, wanakuta chini yake mabwanga, vitu vya miungu mingine, vyenye sheria ilikataza. Labda wale vijana walivaa vile sababu waliogopa kufa. Ni wangapi kati yetu wameshuka mu shimo na kitu ku kiuno?

Yuda angeweza kusema: wamepata haki yao. Hakusema vile. Walisali wote, kisha akafanya cotisation, kila askari akatoa kidogo, na feza ile ikatumwa Yerusalemu juu ya sadaka kwa ajili ya wafu wale. Kitabu kinamsifu, sababu kama asingesadiki ufufuko, kuwaombea wafu kungekuwa kazi bure.

Cotisation ya kilio tunaijua vizuri. Swali ni moja: feza ile inaenda wapi? Kwa mwenye kutafuta mlozi, ao kwa sala na kwa watoto waliobakia?

Kama hakuna maiti, tufanye nini?

Misa ya marehemu inaweza kusomwa hata kama mwili haukupatikana. Jamaa isingoje. Na mtu asiogope juu ya feza: sheria ya Kanisa ya 1983, kanuni ya 945, inawaomba mapadri wasome misa kwa nia ya waamini, zaidi maskini, hata bila kupokea kitu.

Jamaa inaweza kuweka msalaba wenye jina mu makaburi ya kijiji, hata kama chini yake hakuna mwili. Watoto watakuwa na pahali pa kusimama.

Mambo ya karatasi pia tusisahau. Code de la famille inaruhusu tribinali itangaze kifo cha mtu aliyepotea mu hatari bila mwili wake kupatikana. Bila karatasi ile, mjane na watoto wanaweza kusumbuka miaka mingi juu ya haki yao. Kuitafuta ni njia moja ya kumpenda marehemu.

Na ndoto? Wengi wanatuuliza hii. Kuota marehemu si zambi, hakuna mtu anachagua ndoto yake. Ukimuona baba mu usingizi, amuka, umuombee. Lakini ndoto isikuwe hakimu. Ndoto ikitaja jina la mtu, jina lile libakie mu kitanda.

Kwa kila desturi yenye hatujui kama inafaa, kuko swali moja la kujiuliza: hapa namuomba Mungu juu ya marehemu, ao natafuta kupita pembeni ya Mungu ili nishike siri? Ukibakia na mashaka, uliza padri wako mbele ya kulipa mtu.

Usiku ule kule Lukafu

Turudi ku moto. Mjomba alikuwa angali amesimama, na vijana wawili walikuwa wamekwisha kukubali kwenda naye. Njo mzee katekista, mwenye alikuwa kimya tangu jioni, akauliza kwa sauti ya chini:

"Mjomba, kama mutoto anakuja, anataja jina, sisi tutafanya nini na jina lile?"

Mjomba hakujibu. Mwingine pia hapana.

"Na kama anataja jina lako weye?" mzee akauliza tena.

Pale mjomba akakaa. Akaanza kulia, kwa mara ya kwanza tangu habari ifike. Nkambo akatoka ku mlango, akakuja kukaa karibu yake, hakusema neno. Asubuhi mjomba akatwaa kinga, akaenda kuandikisha misa.

Hatutaki kudanganya wasomaji: maneno ya chini chini haikuisha siku ile. Kuko watu mpaka leo hawakulaka kwa nkambo. Lakini angali mu nyumba yake.

Mwezi wa Novemba uliofuata tulimkuta ku makaburi. Alikuwa amekaa chini mbele ya msalaba wa mti wenye jina la mjukuu wake, jembe kando yake. Alikuwa anamwelezea habari: mvua imechelewa, mbuzi imezaa mapacha, mdogo wake ameanza masomo. Alisema pole pole, kama mtu mwenye kuwa na siku nzima. Kisha akafanya alama ya msalaba, akasali Baba Yetu na Salamu Maria, akatwaa jembe.

Hakumuuliza neno hata moja.